INJINI NA VIOO VYA PIKAPU: SOMO LA FIZIKIA KUTOKA BARABARA ZA MISHAMO

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978 ili kuwapokea wakimbizi waliotoka Burundi kutokana na mauaji ya mwaka 1972. Wakati huo eneo hilo lilikuwa katika wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa. Leo limo katika mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012. Watu walipewa mashamba katikati ya pori la miombo, na vijiji 16 vikatawanywa katika eneo lenye zaidi ya kilometa za mraba 2,000. Ilipofika mwaka 2014 wengi wa wakazi hao, pamoja na watoto wao waliozaliwa hapo hapo, walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania.

Mkulima wa Mishamo hulima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Shamba lake laweza kumpa mavuno mengi, lakini mavuno hayawi mali mpaka yafike sokoni. Mji wa Mpanda, wenye soko kubwa, hospitali na kituo cha reli, uko mbali kwa zaidi ya kilometa 100. Barabara za vijijini ni za udongo: wakati wa kiangazi ni vumbi na mikunjo midogo midogo kama ubao wa kufulia nguo, na wakati wa masika ni tope. Katika nchi ya namna hiyo gari dogo la mizigo, yaani pikapu, si anasa. Ndilo linalopeleka mazao mjini asubuhi, na usiku huo huo laweza kumpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu.

Sasa tuseme chama cha ushirika cha wakulima kimejichangisha kwa miaka kadhaa, nacho kinataka kununua pikapu moja kubwa. Wanachama wanabishana. Mmoja asema, "Tununue ya petroli, ina mbio." Mwingine ajibu, "Tununue ya dizeli, ina nguvu." Wa tatu asema injini ya kisasa yenye turbo ndiyo bora kuliko zote. Na hakuna hata mmoja anayeuliza juu ya vioo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubishi huo waweza kuamuliwa kwa fizikia ya shule ya sekondari, na kwamba suala la vioo ni zito sawa na suala la injini.

1. UWEZO NA MOMENTI SI KITU KIMOJA

Wauzaji wa magari hupenda kutaja uwezo wa injini, ambao hapo zamani ulipimwa kwa nguvu-farasi na siku hizi hupimwa kwa kilowati. Uwezo ni kazi inayofanywa katika sekunde moja. Lakini injini ina sifa nyingine, nayo ni nguvu yake ya kuzungusha, ambayo wanafizikia huiita momenti. Momenti hupimwa kwa nyutoni-mita: ni kani inayozungusha, mara urefu wa mkono wake. Anayefungua nati ngumu kwa spana ndefu huongeza momenti, ingawa misuli yake haikuongezeka.

Uhusiano wa mambo haya mawili ni huu:

Uwezo (wati) = momenti (nyutoni-mita) × 2π × mizunguko ya injini katika sekunde moja

Tuchukue mfano wa injini inayofahamika sana katika Afrika Mashariki, nayo ni injini ya dizeli iitwayo 1HZ, ambayo Toyota imeiweka katika magari ya Land Cruiser tangu mwaka 1990. Ina silinda 6. Kila silinda ina kipenyo cha milimeta 94, na pistoni husafiri milimeta 100. Ujazo wake hupatikana hivi:

0.7854 × 9.4 × 9.4 × 10 × 6 = sentimeta za ujazo 4,164, yaani lita 4.2 hivi.

Injini hii haina turbo. Uwezo wake wa juu ni kilowati 96 inapozunguka mara 3,800 kwa dakika. Momenti yake ya juu ni nyutoni-mita 285, nayo hupatikana mapema zaidi, kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Katika mwendo huo wa chini uwezo wake ni:

285 × 2 × 3.1416 × (2,200 ÷ 60) = wati 65,700, yaani kilowati 65.7.

Mwanafunzi aone jambo hili: pale momenti ilipo juu, uwezo haujafika juu. Kwa hiyo yule anayesifu "mbio" na yule anayesifu "nguvu" wanazungumzia namba mbili tofauti za injini ile ile.

2. MLIMA MMOJA, HESABU MOJA

Ni namba ipi inayotufaa? Tuupe mlima utujibu.

Tuseme pikapu na shehena yake ya mahindi vina masi ya kilo 3,200, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 32,000 hivi. Inapanda mwinuko wa 1 kwa 10, maana yake kila mita 10 za njia hupanda mita 1. Kani inayolivuta gari kurudi chini ni sehemu moja ya kumi ya uzito, yaani nyutoni 3,200. Tena udongo laini hukwamisha matairi. Tukadirie kwamba ukinzani huo ni asilimia 4 ya uzito, yaani nyutoni 1,280. Jumla ni nyutoni 4,480.

Kama nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.38, momenti inayohitajika kwenye magurudumu ni:

4,480 × 0.38 = nyutoni-mita 1,702.

Injini yetu inatoa 285 tu. Mbona basi gari hupanda? Jibu limo katika gia. Gia hupunguza mizunguko na kuongeza momenti kwa kadiri ile ile, kama baiskeli inavyofanya inapokuwa na meno machache mbele na mengi nyuma. Tuseme gia ya pili ina uwiano wa 2.3, gia ya tatu 1.5, na difu ina uwiano wa 4.1. Tukubali pia kwamba sehemu moja ya kumi hupotea njiani kwa msuguano.

Gia ya tatu: 285 × 1.5 × 4.1 × 0.9 = nyutoni-mita 1,577. Haitoshi. Gari litazidi kupungua mwendo na hatimaye injini itazimika.

Gia ya pili: 285 × 2.3 × 4.1 × 0.9 = nyutoni-mita 2,419. Yatosha, na akiba ipo.

Katika gia ya pili, injini ikizunguka mara 2,200 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 233 kwa dakika, na gari huenda mita 9.3 kwa sekunde, yaani kilometa 33 hivi kwa saa. Uwezo unaohitajika magurudumuni ni 4,480 × 9.3, ambao ni kilowati 42 hivi. Injini ina zaidi ya hapo. Basi katika mlima huu haikuwa lazima kuzifikia kilowati 96 zote. Lililotuvusha ni momenti inayopatikana kwenye mizunguko ya chini, pamoja na gia iliyochaguliwa vema. Katika barabara ya lami iliyonyooka, mtu apitaye kwa kilometa 110 kwa saa huhitaji uwezo mkubwa. Katika barabara ya kijiji, huhitaji momenti ya mapema.

3. PETROLI AU DIZELI

Injini ya mipigo minne ilifanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, alionyesha injini yake iliyofanya kazi barabara mwaka 1897. Tofauti yao kubwa ni namna ya kuwasha mafuta. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta hugandamizwa kwa kiasi cha mara 8 hadi 11 hivi, kisha cheche ya plagi huuwasha. Katika dizeli, hewa peke yake hugandamizwa mara 15 hadi zaidi ya 20. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi, na mafuta yakinyunyiziwa ndani yake huwaka yenyewe bila cheche.

Jaribio: Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha ibane hewa kwa haraka mara ishirini. Gusa sehemu ya chini ya pampu. Joto unalolisikia halikutokana na msuguano peke yake. Kazi ya mkono wako imegeuka kuwa joto la hewa. Hiyo ndiyo siri ya dizeli.

Mgandamizo mkubwa una faida: sehemu kubwa zaidi ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa kazi. Injini ya petroli ya kawaida hugeuza kama robo hadi theluthi moja ya nishati hiyo. Dizeli hugeuza kama theluthi moja hadi asilimia 40. Tena lita moja ya dizeli ina nishati ya megajouli 36 hivi, na lita moja ya petroli ina megajouli 32 hivi. Kwa sababu hizi mbili pikapu ya dizeli huenda mbali zaidi kwa lita moja.

Tuseme gari la dizeli hutumia lita 13 kwa kilometa 100, na la petroli lita 18. Safari ya kwenda na kurudi ya kilometa 240 itatumia lita 31.2 za dizeli au lita 43.2 za petroli. Tofauti ni lita 12 kwa safari. Gari likienda mara 3 kila mwezi, akiba ya mwaka ni lita 432. Katibu wa ushirika azizidishe hizo kwa bei ya kituoni kwake, kisha aangalie ni miaka mingapi itapita kabla akiba haijarudisha fedha zilizoongezwa, maana gari la dizeli kwa kawaida huuzwa ghali zaidi.

Hata hivyo dizeli ina masharti. Vipuri vyake vimetengenezwa vinene ili kustahimili shinikizo kubwa, kwa hiyo injini ni nzito. Pampu yake na nozeli zake hulainishwa na mafuta yenyewe ya dizeli. Mtu akichanganya dizeli na mafuta ya taa, ulainishaji hupungua na pampu husagika. Uchakachuaji huo ulikuwa tatizo kubwa nchini hata ikabidi EWURA ianze kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili mafuta yaliyochanganywa yatambulikane. Maji nayo ni adui: dizeli iliyokaa muda mrefu katika pipa au dumu hukusanya maji chini. Anayenunua gari la dizeli kwa ajili ya kijiji anunue pia nidhamu ya kuchuja mafuta na kumwaga maji ya filta.

4. TURBO AU BILA TURBO

Injini huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa iliyonayo. Turbo ni kinu kidogo kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho husukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Kwa njia hii injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Mwaka 2011 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza pikapu yake kubwa ya F-150 ikiwa na injini ya lita 3.5 yenye silinda 6 na turbo mbili, kando ya injini ya lita 5.0 yenye silinda 8, na wanunuzi wakaanza ubishi ule ule wa wakulima wetu. Kwa upande wa Toyota, mwaka 2023 baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutolewa na injini ya dizeli ya lita 2.8 yenye turbo. Ikiwa na gia zinazojibadilisha zenyewe, momenti yake hufika nyutoni-mita 500. Tulinganishe:

Injini ya lita 4.164 isiyo na turbo: 285 ÷ 4.164 = nyutoni-mita 68 kwa kila lita.
Injini ya lita 2.755 yenye turbo: 500 ÷ 2.755 = nyutoni-mita 181 kwa kila lita.

Turbo ina faida nyingine katika nchi za juu. Hewa hupungua kadiri tunavyopanda. Kwa kadirio, injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya uwezo wake kwa kila mita 100. Uwanda wa Mpanda uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hapo tunapoteza kama sehemu moja ya kumi. Zile nyutoni-mita 285 hushuka hadi 257 hivi. Mwanafunzi na arudie hesabu ya mlima kwa namba hii. Ataona kwamba gia ya pili bado inatosha. Injini yenye turbo hufidia karibu upungufu wote huo.

Kwa nini basi kila mtu asinunue turbo? Kwa sababu injini hizi za kisasa hunyunyizia mafuta kwa shinikizo la zaidi ya mara 1,500 ya lile la hewa tunayovuta, kupitia vitundu vyembamba mno, na huongozwa na kompyuta. Chembe ya mchanga au tone la maji, ambalo pampu ya zamani ingeweza kulivumilia kwa muda, huharibu nozeli ya aina hii mapema. Na ikiharibika, nyundo na spana hazitoshi: huhitajika chombo cha kusoma makosa ya kompyuta na fundi aliyesomea kazi hiyo. Injini ya zamani yenye pampu ya kawaida, fundi makanika mzoefu huweza kuifungua na kuifunga hata chini ya mwembe.

Hapa ndipo sayansi hukutana na mahali. Swali la msingi si "Ipi ina nguvu zaidi?" bali ni "Ikiharibika usiku, kilometa 100 kutoka mjini, nani ataitengeneza, na kwa nini?" Gari lenye nguvu lililosimama kwa miezi miwili likingoja kipuri lina uwezo wa kilowati sifuri.

5. KIOO BAPA NA KIOO MBINUKO

Sasa tugeukie vioo vya pembeni, vile ambavyo madereva huviita saitimira. Pikapu ikishapakiwa magunia hadi juu, kioo cha ndani hakioni tena kitu. Dereva hubaki na saitimira mbili tu kuwa macho yake ya nyuma. Na katika barabara zetu nyuma hakuna magari peke yake; kuna baiskeli zenye mizigo, pikipiki, mbuzi na watoto wa shule.

Vioo hivi ni vya aina mbili. Kioo bapa hutoa taswira yenye ukubwa ule ule wa kitu chenyewe, na umbali wake nyuma ya kioo ni sawa na umbali wa kitu mbele ya kioo. Kioo mbinuko, yaani kilichotokeza kuelekea kwa mtazamaji kama mgongo wa kijiko, hutoa taswira ndogo na iliyo karibu.

Tulinganishe upana wa eneo linaloonekana. Tuseme kioo kina upana wa mita 0.18, na jicho la dereva liko mita 0.8 kutoka kwenye kioo. Tunataka kujua upana unaoonekana mita 20 nyuma.

Kwa kioo bapa: 0.18 × (20 + 0.8) ÷ 0.8 = mita 4.7.

Kwa kioo mbinuko chenye nusu kipenyo cha mita 1.2, umbali wa fokasi ni mita 0.6. Kwa kanuni ya vioo, taswira ya jicho la dereva iko mita 0.343 nyuma ya kioo. Hivyo upana unaoonekana ni: 0.18 × (20 + 0.343) ÷ 0.343 = mita 10.7.

Kioo mbinuko kinaonyesha zaidi ya mara mbili. Mwendesha baiskeli aliyefichika katika kioo bapa huonekana katika kioo mbinuko.

Lakini kila faida ina gharama yake. Tuseme lori lenye kimo cha mita 3 liko mita 12 nyuma ya kioo. Kwa kioo mbinuko hicho hicho, taswira yake iko mita 0.571 nyuma ya kioo, na kimo chake ni mita 0.143. Jicho lililo mita 0.8 mbele ya kioo huiona taswira hiyo kwa umbali wa mita 1.371. Ukubwa wa pembe ni 0.143 ÷ 1.371, yaani radiani 0.104. Katika kioo bapa lori hilo lingeonekana kwa ukubwa huo kama lingekuwa karibu mita 29 kutoka machoni pa dereva, hali kwa kweli liko chini ya mita 13! Dereva asiyejua jambo hili ataingia katikati ya barabara akidhani nafasi ipo.

Kwa sababu hiyo sheria za Marekani hulazimisha kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, na kioo mbinuko cha upande wa abiria kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Katika nchi nyingine vioo mbinuko hukubaliwa pande zote mbili, na dereva hutarajiwa kujifunza. Sisi tunaendesha kushoto, na usukani uko kulia. Upande wa kushoto ndio ulio mbali na jicho la dereva, na ndio wapitao waenda kwa miguu na baiskeli. Basi huko kushoto kioo mbinuko ni cha lazima.

6. MKONO WA KIOO NA MTIKISIKO

Ubora wa kioo hautegemei umbo lake tu. Kioo kikigeuka kwa pembe fulani, mwale unaorudi hugeuka mara mbili ya pembe hiyo, kwa sababu pembe ya kuingia na pembe ya kurudi hubadilika zote mbili. Kioo kikitikisika kwa nyuzi 1, mwale hugeuka nyuzi 2, na mahali panapoonekana mita 20 nyuma huhama kwa mita 0.7. Kwenye barabara ya mikunjo taswira huwa ukungu mtupu.

Kwa hiyo, kioo kikubwa kilichoshikwa kwa mkono mmoja mwembamba ni kibaya kuliko kioo cha wastani kilichoshikwa kwa mikono miwili, juu na chini. Kama gari litavuta tela au litabeba mzigo mpana kuliko bodi, mikono iwe mirefu, au iwe ya kuvutwa nje na kurudishwa, ili jicho lipite kando ya mzigo. Na vioo vinavyokunjwa kwa mota ya umeme? Hivyo ni starehe ya mjini. Mota ni kitu kingine cha kuharibika kwa vumbi. Kioo kinachokunjwa kwa mkono hufanya kazi ile ile.

7. PALE AMBAPO HAKUNA KIOO KINACHOFIKA

Hata vioo bora vina mahali pasipoonekana. Tuseme pikapu haina mzigo, na jicho la dereva liko mita 1.7 kutoka ardhini. Bodi ya nyuma ina kimo cha mita 1.3, nayo iko mita 3.2 nyuma ya jicho. Mstari wa kuona unaopita juu ya bodi hushuka mita 0.4 kwa kila mita 3.2. Mtoto mwenye kimo cha mita 1, akisimama nyuma ya gari, hataonekana hata kichwa mpaka awe mbali kwa:

(1.3 − 1.0) ÷ 0.4 × 3.2 = mita 2.4.

Mtoto aliyeketi akicheza, mwenye kimo cha mita 0.5, hataonekana mpaka awe mita 6.4 kutoka nyuma ya gari. Hesabu hii ifundishwe katika kila shule iliyo karibu na barabara. Dereva akirudi nyuma, utingo ashuke kwanza. Na kama hana utingo, ashuke mwenyewe aangalie.

Jaribio la darasa: Mwalimu aombe gari lililosimama mahali tambarare, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Mtu mzima aketi kwenye kiti cha dereva. Wanafunzi watembee polepole nyuma na kando ya gari, na kila anapopotea kwenye vioo waweke alama ya majivu ardhini. Waunganishe alama hizo, kisha wachore ramani ya sehemu isiyoonekana. Picha hiyo haitasahaulika upesi.

8. HUKUMU

Kwa ushirika wetu wa mfano, ulio mbali na karakana na unaobeba mizigo mizito kwa mwendo mdogo, chaguo la busara ni injini ya dizeli ya ujazo mkubwa, isiyo na turbo, yenye pampu ya kawaida. Vioo viwe vya kukunjwa kwa mkono, vyenye mikono miwili imara: bapa au mbinuko mdogo upande wa dereva, na mbinuko upande wa kushoto. Taasisi iliyo mjini, yenye fundi mwenye vifaa na mafuta safi, na inayosafiri mbali kwenye lami, yaweza kuchagua turbo bila kujuta. Petroli yafaa kwa gari jepesi linalotembea safari chache, ambapo bei ndogo ya kununulia hupita gharama ya mafuta.

Atakayepinga hukumu hii asipaaze sauti. Na alete namba zake, tuzipime pamoja.

MASWALI

1. Injini ya turbo iliyotajwa ina silinda 4, kila moja yenye kipenyo cha milimeta 92 na msafara wa pistoni wa milimeta 103.6. Thibitisha kwamba ujazo wake ni sentimeta za ujazo 2,755 hivi.

2. Injini ya 1HZ hutoa kilowati 96 kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika. Momenti yake hapo ni kiasi gani? Kwa nini ni ndogo kuliko 285?

3. Kioo mbinuko kina nusu kipenyo cha mita 0.8. Pikipiki iko mita 10 nyuma yake. Tafuta mahali pa taswira na kiasi ilivyopunguzwa.

4. Pima kimo cha bodi ya nyuma ya pikapu moja kijijini kwenu, kimo cha jicho la dereva wake, na umbali kati yao. Kokotoa ni umbali gani nyuma ya gari ambao mdogo wako hawezi kuonekana. Kisha mpelekee dereva jibu lako.